Jiwe Lililopita Majini Kabla ya Motoni

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, zama ambazo hata msitu mmoja ulikuwa haujaota duniani, mawe mawili yaliganda chini ya ardhi katika nchi ambayo leo tunaiita Australia. Yote mawili yalikuwa graniti. Miaka ikapita, mamilioni juu ya mamilioni. Mvua ikaufagia udongo uliokuwa juu yao, na mawe yakatokeza nje, yakawa jirani. Yote yalikuwa magumu, yote ya kijivu, yote yana madoadoa meusi na punje zinazometameta juani. Mpita njia angeyatazama angesema: hawa ni baba mmoja, mama mmoja.

Jiwe la kwanza lilijivunia ukoo wa moto. Lilizaliwa motoni, na wazazi wake, lilidai, nao walizaliwa motoni. Jiwe la pili lilizaliwa motoni pia, lakini lilikuwa na siri. Kabla ya moto lilikuwa tope. Lilinyeshewa na mvua, likaburutwa na mito, likatuama chini ya bahari. Ndipo likazikwa, likapikwa, likawa graniti.

Jiwe halina kinywa. Basi siri hiyo ilijulikanaje? Sogeeni, wanangu, niwasimulie.

Ugomvi wa maji na moto

Kwanza tulijue jiwe lenyewe. Ukikiokota kipande cha graniti kilichovunjika karibuni, utaona punje za namna tatu. Kuna kwatzi, ya kijivu na inayopenya mwanga. Kuna felispa, nyeupe au ya waridi, yenye nyuso bapa. Kuna ulanga, unaobanduka vipande vyembamba ukiuchokoa kwa ukucha. Graniti nyingine zina pia vijiti vyeusi vya madini yaitwayo honiblendi. Punje ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu jiwe lilipoa polepole mno, kilomita nyingi chini ya ardhi. Aliyefika Mwanza akaona mawe yaliyorundikana kando ya Ziwa Viktoria, au aliyepanda Kit Mikayi karibu na Kisumu, ameshaiona graniti.

Swali la asili yake si la jana. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, wataalamu wa miamba kule Ulaya waligombana juu yake wakagawanyika kambi mbili. Kambi ya maji ilikuwa na Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa chuo cha madini cha Freiberg, Ujerumani. Yeye alifundisha kwamba zamani bahari iliifunika dunia yote, na kwamba graniti ni mwamba wa kwanza uliojitenga na maji hayo ukatuama chini. Kambi ya moto ilikuwa na James Hutton wa Edinburgh, Uskoti, mtu aliyesomea udaktari kisha akageukia kilimo na kuichunguza ardhi.

Hutton aliwaza hivi: kama graniti iliwahi kuwa uji wa moto, basi lazima mahali fulani uji huo uliingia katika nyufa za miamba mingine. Mwaka 1785 akaenda kwenye bonde la Glen Tilt. Huko, penye mto, akaona mishipa myekundu ya graniti imepenya ndani ya mwamba mweusi na kuupasua. Kinachopasua mwamba hukuta mwamba umeshakuwapo. Graniti, basi, ilikuwa changa kuliko mwamba ule, na ilikuja ikiwa imeyeyuka. Rafiki yake John Playfair aliandika kwamba wale waliokuwa wakimwongoza Hutton, walipoiona furaha yake, waliamini amegundua mshipa wa fedha au wa dhahabu.

Moto ukashinda. Hata hivyo maji hayakuwa yamekwisha kabisa. Yalikuwa yamejificha ndani ya lile jiwe la pili.

Kwa nini nyuso zinafanana

Mmewahi kununua barafu ya ukwaju, ile ya kunyonya? Ukiinyonya, utamu na rangi hutangulia kutoka. Mwisho unabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Mwamba uliozikwa kilindini hufanya vivyo hivyo. Hauyeyuki wote kwa pamoja. Ukifikia joto la nyuzi 700 hivi za Selsiasi, na ukiwa na maji kidogo ndani yake, kuna sehemu inayotangulia kuyeyuka, na nyingine inabaki ngumu vile vile.

Mwaka 1958, wataalamu wa miamba O. F. Tuttle na N. L. Bowen walichapisha majaribio yao juu ya jambo hilo. Walichukua malighafi za felispa na kwatzi, wakazifungia pamoja na maji ndani ya vyombo vidogo, wakazibana kwa nguvu na kuzipasha moto. Wakaona kwamba mchanganyiko unaoyeyuka kwa joto la chini kuliko michanganyiko mingine unakaribiana sana na graniti nyingi za duniani.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mawe yetu mawili yanafanana. Wazazi mbalimbali, wakipashwa moto, hutanguliza karibu kitu kile kile. Sura ya mtoto, kwa hiyo, haitoshi kumjua mzazi. Lazima tutafute vitu vidogo vidogo ambavyo mzazi mmoja anavyo na mwenzake hana. Na kitu cha kwanza cha kutafuta ni kile kilichopotea.

Sodiamu ilikokwenda

Felispa imejengwa kwa silika na alumini, pamoja na sodiamu, potasiamu au kalsiamu. Mwamba ukiwa juu ya ardhi hunyeshewa. Mvua inaposhuka huchukua kaboni dioksidi ya hewani, ikawa na ukali kidogo, ukali usiomdhuru mtu lakini unaoila felispa taratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi ikalainika kuwa udongo wa mfinyanzi.

Katika safari hiyo kila kitu huenda njia yake. Sodiamu huyeyuka kwa urahisi, ikafuata mto hadi baharini. Huko hukaa pamoja na klorini, na maji ya bahari yakianikwa juani hutupatia chumvi ya jikoni. Kalsiamu nayo huenda baharini, lakini haikai sana: matumbawe na kombe huichukua kujengea miili yao, na mwisho wake huwa mwamba wa chokaa. Potasiamu huenda nusunusu, maana nyingine hunaswa na mfinyanzi. Alumini karibu haiendi popote. Hubaki pale pale, ndani ya tope.

Basi piga hesabu. Tope lililosafirishwa na mto likatuama baharini ni mwamba uliofuliwa. Lina alumini tele, lina potasiamu kiasi, lakini sodiamu na kalsiamu zimepungua. Tope hilo likizikwa chini ya tope jingine, likagandamizwa, likawa mwamba mashapo, kisha bara likakunjika na kulisukuma kilomita 20 au 30 chini, litapata joto na kuyeyuka. Moto waweza kuliyeyusha tope, lakini hauwezi kulirudishia sodiamu iliyokwisha kwenda na mto. Graniti itakayotokea itakuwa na upungufu ule ule.

Wapelelezi wawili wa Australia

Waliolisikia jiwe la pili likisema ni Bruce Chappell na Allan White. Walizunguka milima ya kusini mashariki mwa Australia, kwenye miji kama Berridale na kuelekea mlima Kosciuszko, ambako graniti zenye umri wa miaka milioni 400 na zaidi zimetapakaa. Walikusanya mawe, wakayasaga unga, wakapima ndani ya kila moja kuna nini na kiasi gani. Mwaka 1974 wakatoa makala fupi iliyobadilisha elimu ya graniti. Walisema graniti hizo ni koo mbili. Ukoo mmoja waliupa herufi I: mzazi wake ni mwamba uliotokana na moto. Ukoo wa pili waliupa herufi S: mzazi wake ni mashapo, yaani tope na mchanga wa kale.

Kipimo chao kikuu ni cha mizani. Felispa, kila inapojengwa, hudai alumini kwa hesabu maalumu. Sodiamu na potasiamu hudai sehemu moja ya oksidi ya alumini kwa kila sehemu moja ya oksidi yao, na kalsiamu hali kadhalika. Chukua basi hesabu ya alumini yote iliyomo ndani ya jiwe, uigawe kwa jumla ya hizo tatu. Ukipata 1, hakuna deni wala baki. Ukipata zaidi ya 1.1, alumini imekuwa nyingi kupita mahitaji, na hiyo ndiyo alama ya ukoo wa S. Ukoo wa I kwa kawaida hukaa chini ya hapo. Walitazama na sodiamu peke yake: graniti za I zenye silika nyingi huwa na oksidi ya sodiamu zaidi ya asilimia 3.2, na za S aghalabu hupungukiwa.

Uzuri wake ni kwamba hesabu hiyo huonekana hata kwa macho. Alumini iliyobaki lazima ipate pa kukaa. Hujenga ulanga mweupe, hujenga ganeti nyekundu, hujenga madini ya rangi ya buluu yaitwayo kodieriti. Graniti za I hazina baki hiyo. Kalsiamu ziliyonayo huisaidia honiblendi kujengeka, vile vijiti vyeusi nilivyowatajia. Hata mabonge yaliyomezwa ndani ya graniti hutofautiana: graniti za S mara nyingi zimebeba vipande vya mashapo yaliyopikwa, na za I vipande vyeusi vyenye honiblendi.

Mashahidi wengine

Shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani. Wataalamu wakawaita na wengine.

Shahidi wa pili ni sumaku. Mwaka 1977 Shunso Ishihara wa Japani alionyesha kwamba graniti hugawanyika pia kwa chuma chake. Nyingine zina magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Nyingine zina ilmeniti badala yake, na sumaku ndogo ukiitundika kwa uzi kando yake haitikisiki. Tope la baharini huzikwa pamoja na mabaki ya viumbe, na mabaki hayo yana kaboni. Kilindini, penye joto, kaboni huinyang'anya miamba oksijeni. Chuma kikikosa oksijeni ya kutosha hakiwezi kuunda magnetiti. Graniti zilizotokana na tope, kwa hiyo, kwa kawaida huwa upande wa ilmeniti. Viumbe vidogo vilivyokufa baharini bado vinaamua kama sumaku yako itasogea au la! Lakini angalieni: zipo pia graniti za ukoo wa I zisizovuta sumaku. Shahidi huyu ni wa kusaidia, si wa kuhukumu.

Shahidi wa tatu ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Ni zirkoni, madini magumu ambayo mara nyingi hayayeyuki mwamba unapoyeyuka. Ndani yake mna urani inayogeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, na kwa kupima hizo mbili tunajua umri wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika chuo kikuu cha taifa cha Australia mjini Canberra, kilianza kazi chombo kiitwacho SHRIMP, kinachoweza kupima sehemu ndogo sana ya zirkoni moja. Walipozipima zirkoni za graniti za S, waliona maajabu: ganda la nje lina umri wa graniti yenyewe, miaka milioni 430 hivi, lakini kiini cha ndani kina miaka milioni 500, 600, hata 1,000. Na umri huo huo ulikuwa ndani ya zirkoni za mashapo ya kale ya nchi ile. Punje hizo zilikuwa mchanga. Zilisafiri na mito, zikazikwa na tope, zikapita motoni bila kufutika, zikavaa ganda jipya.

Kwetu Afrika Mashariki

Msidhani koo hizi ziko Australia tu. Nendeni Kagera, Rwanda na Burundi. Huko kuna graniti zenye umri wa karibu miaka milioni 1,000 zinazojulikana kama graniti za bati. Zina ulanga mweupe na alumini iliyozidi, alama za ukoo wa mashapo. Kyerwa, kule Kagera, watu huchimba bati, na upande wa Rwanda huchimba bati, wolframu na koltani. Kwa nini bati lifuatane na graniti za namna hii? Kwa sababu palipo na oksijeni haba, bati halipati nafasi ndani ya madini yanayotangulia kuganda. Hubaki kwenye uji, na uji unavyozidi kupungua ndivyo bati linavyozidi kukolea humo. Tone la mwisho, lenye maji na bati, hupenya katika nyufa za miamba ya jirani na kugandia humo. Mchimbaji anayefuata mshipa wa kwatzi anafuata njia ya tone hilo.

Sasa shukeni kusini mwa Ziwa Viktoria, kwenye nchi ya Wasukuma na kuendelea hadi Dodoma. Hapo pana kiini kikongwe cha bara, chenye graniti na ndugu zake za zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo mna miamba yenye kisa kingine kabisa. Ile ya mwanzo ina sodiamu nyingi, haikufuliwa na mvua. Halafu ina upungufu wa ajabu: metali iitwayo itriamu imo kidogo mno. Itriamu hupenda kukaa ndani ya ganeti. Kama haimo kwenye graniti, maana yake ilibaki kilindini imeshikwa na ganeti ambayo haikuyeyuka, na ganeti hiyo katika mwamba wa namna ile hudai mgandamizo wa kina kirefu sana. Mzazi, basi, alikuwa bazalti, mwamba mweusi wa volkeno uliozama chini mno ukayeyuka. Baadaye zikaja graniti zenye potasiamu nyingi. Hizo zilitokana na kuyeyuka upya kwa ile miamba ya mwanzo: mjukuu akamrithi bibi.

Na graniti za tope? Miongoni mwa graniti kongwe kabisa za dunia ni adimu. Tope jingi lahitaji nchi kavu ya kutosha, mvua ya kuinyeshea na mito ya kulisafirisha. Sharti bara liwepo kwanza ndipo lifuliwe.

Siri ya jiwe la kwanza

Mnalikumbuka jiwe la kwanza, lililojivunia ukoo wa moto mtupu? Nalo lilikuja kuumbuliwa. Mwaka 2007 mtaalamu wa miamba Tony Kemp na wenzake walipima zirkoni za graniti za I kutoka Australia ile ile. Safari hii hawakutafuta umri tu. Walitafuta oksijeni. Oksijeni ina aina nyepesi na aina nzito, na mwamba ukigeuka mfinyanzi kwa maji baridi ya juu ya ardhi hukusanya zaidi ile nzito. Wakaikuta alama hiyo ndani ya graniti za I. Uji wa moto uliopanda kutoka chini ya bara ulikuwa umekutana na mashapo njiani, ukayameza, ukachanganyika nayo. Siku hizi wataalamu wengi hawasemi tena kwamba I na S ni nyumba mbili zenye ukuta katikati. Wanauliza katika kila graniti: moto ulileta nini, na tope lilileta kiasi gani?

Mwaona basi jinsi ugomvi wa Werner na Hutton ulivyoisha. Hutton alikuwa sahihi: graniti haikutuama baharini, iliganda kutoka kwenye uji wa moto. Lakini bila maji, moto huo ungetoa graniti chache mno, maana maji ndiyo yanayouwezesha mwamba kuyeyuka kwa nyuzi 700, na maji ndiyo yaliyolifua tope likawa mzazi wa graniti za S.

Mkitaka kujaribu wenyewe, chukueni sumaku ndogo, ifungeni kwa uzi, na tafuteni graniti iliyovunjika karibuni. Isogezeni sumaku taratibu mwone kama inavutwa. Tazameni kama kuna ulanga mweupe au ganeti, au kama kuna vijiti vyeusi vya honiblendi. Tafuteni mabonge yaliyomezwa ndani, na mwandike ni ya namna gani. Andikeni na mahali mlipoliona jiwe, kwa sababu jiwe lililotolewa kwao bila anwani limepoteza nusu ya ushahidi wake. Mkiona ulanga mweupe tele na sumaku imetulia, mnayo sababu nzuri ya kulishuku tope. Mkitaka kulithibitisha, jiwe lisagwe na sodiamu yake ipimwe.